SOMO LA KIKUNDI: Anayetaka Kuhudumia Kijiji Aanze na Kusikiliza



Somo la safari hii linahusu kazi ya ustawi wa jamii, ile kazi ya mtu anayetembelea vikundi, anayefundisha watu wazima, anayesaidia familia zilizo taabuni, na pengine mwishowe anakabidhiwa shule au ofisi ya elimu aiongoze. Tumelichagua kwa sababu vikundi vingi huuliza jambo moja: tuna kijana hapa amemaliza Form Four, anapenda kazi ya watu, tumsomeshe nini, na tutajuaje kama anafaa?

Mtu mmoja asome kwa sauti, polepole. Wasiojua kusoma wasikae nyuma. Somo hili ni lao hasa. Wala msilimalize siku moja, lafaa mikutano miwili. Kabla ya kuanza fungueni Biblia, Nehemia 2:11-18 na Luka 24:13-35. Angalieni kwamba Nehemia alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache kuuzunguka ukuta na kuutazama jinsi ulivyobomoka, wala hakuwa amemwambia mtu mpango wake. Na yule Mgeni aliyewafikia wanafunzi wawili njiani kwenda Emau hakuanza na mahubiri. Aliwauliza wanazungumza nini. Wakamweleza yote, hata uchungu wao, ndipo akaanza kufundisha. Mkiisha kusoma, wekeni Biblia karibu, maana tutayarudia haya.

MWANASHERIA ALIYEACHA SHERIA

Paulo Freire alizaliwa tarehe 19 Septemba 1921 mjini Recife, kaskazini-mashariki mwa Brazili, sehemu inayojulikana kwa mashamba makubwa ya miwa pwani na ukame mkali bara. Baba yake alikuwa ofisa katika polisi. Jamaa yao haikuwa maskini, lakini ile shida ya uchumi iliyoanza mwaka wa 1929 ikawaangusha. Wakahamia mji mdogo wa Jaboatão. Baba akafa 1934, Paulo ana miaka 13. Baadaye alieleza kwamba siku hizo alikaa darasani na maneno ya mwalimu hayaingii, si kwa ujinga wala uvivu, ila kwa njaa. Mama yake akazunguka shule hata shule akitafuta mwalimu mkuu atakayempokea mtoto bila karo, akampata mmoja Recife. Shule ile ile Paulo alikuja kufundisha Kireno alipokua.

Akasomea uwakili. Kesi yake ya kwanza ilimhusu daktari wa meno kijana aliyekopa kununua vyombo vya kazi akashindwa kulipa, na Freire ndiye alikuwa upande wa wadai. Yule kijana akaja ofisini akamweleza hali ilivyo: wanaweza kuchukua viti na meza, ila hawawezi kumchukua mtoto wake mchanga. Freire akamwambia aende nyumbani akapumzike, kwa sababu kesi ile haitashughulikia tena, wala kazi ile haifanyi tena. Aliporudi kwake akamweleza mkewe Elza, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wake wengi wangelia, mshahara umepotea! Elza alifurahi. Alisema alikuwa akilitazamia jambo hilo, kwa kuwa mumewe ni mwalimu tangu zamani.

Ndivyo mwaka wa 1947 alivyoingia SESI, shirika lililoanzishwa na wenye viwanda kwa ajili ya ustawi wa wafanyikazi wao na jamaa zao. Akapewa upande wa elimu. Alikaa huko miaka kumi, na hapo ndipo alipojifunza kazi, wala si katika chuo.

USIKU MMOJA RECIFE

Hadithi hii Freire aliisimulia mwenyewe katika kitabu cha mwaka 1992, miaka zaidi ya thelathini baada ya kutokea. Mtu hakumbuki jambo muda wote huo isipokuwa limemchoma.

SESI ilikuwa imefanya uchunguzi wa jinsi wazazi wanavyowaadhibu watoto, na ikaonekana mahali pengine adhabu zilikuwa kali mno. Basi Freire akaitisha mkutano wa wazazi. Akatoa hotuba ndefu. Akataja wataalamu wa Ulaya, akaeleza kwa nini kumpiga mtoto kunamharibu, na jinsi mzazi anavyofaa kuzungumza na mwanawe. Aliona amesema vizuri.

Ndipo akasimama mwanamume mmoja, umri kama miaka arobaini, amechoka usoni. Akamshukuru daktari kwa maneno mazuri. Kisha akamuuliza kama anajua watu hawa wanakaa wapi, na kama amewahi kuingia katika nyumba yao hata moja. Akaanza kueleza vyumba vyao: vidogo, watu wamejazana, hakuna mahali pa kuoga. Halafu akamuuliza Freire ana watoto wangapi. Watano, wasichana watatu na wavulana wawili. Yule bwana, ambaye hakuwa amekanyaga kwa Freire hata siku moja, akaichora ile nyumba kwa maneno: ina uwanja wake, baba na mama wana chumba chao, wasichana chao, wavulana chao, kuna maji ya moto, kuna chumba cha vitabu. Freire akakubali kwamba ndivyo ilivyo. Kila alipokubali alijiona anadidimia kitini.

Sasa, akasema yule mfanyikazi, daktari akifika nyumbani jioni amechoka, anawakuta watoto wameoga, wamekula, wamevaa safi. Sisi tukifika twawakuta wana njaa, wachafu, wanalia na kupiga kelele, na saa kumi za usiku lazima tuamke tukaanze tena. Kama twawapiga si kwamba hatuwapendi. Maisha magumu hayatuachii nafasi nyingi.

Wakati wa kurudi nyumbani Freire alimlalamikia mkewe: alidhani amesema wazi, kumbe hawakumwelewa. Elza akamuuliza kama si yeye ambaye hakuwaelewa wao.

Tuwe waangalifu hapa. Hadithi hii haisemi kupiga watoto ni vyema. Freire hakuacha kuamini yale aliyoyaamini kuhusu watoto, na sisi hatuachi. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia. Mtu akitaka wazazi waache fimbo, lazima kwanza ajue saa wanayoamka, watu wangapi wanalala chumba kimoja, na mtoto anakula nini mama akiwa kazini. Bila hayo, hotuba ni kelele tu, hata ikiwa ya kweli.

Mwandishi wa somo hili anaijua aibu ile. Nilipokuwa kijana katika kazi ya shambani nilifundisha akina mama juu ya kuchemsha maji ya kunywa. Nilikuwa na chati nzuri ya wadudu. Wakapiga makofi. Mwishoni mama mmoja mzee akaniuliza, kwa heshima kabisa, mzigo wa kuni wa kuchemsha maji ya watu wanane nadhani unatoka wapi. Sikuwa na jibu. Mwaka mzima nilipita njia ile na pikipiki, nikiwapita wanawake wenye kuni mgongoni, na sikuwahi kuliunganisha na chati yangu.

NENO MOJA LINALOFUNGUA MLANGO

Baada ya SESI, Freire aliendelea na elimu ya watu wazima, sisi twasema ngumbaru. Vitabu vya ngumbaru wakati ule vilikuwa vile vile vya watoto: mtu mwenye wajukuu anasomeshwa habari za paka na mpira. Freire na wenzake wakafanya kinyume. Kwanza walikwenda kukaa na watu, wakasikiliza maneno wanayoyatumia katika kazi, chakula, mashamba na shida zao. Kutoka hayo wakachagua maneno machache tu, karibu kumi na saba, kila moja likiwa na mambo mawili: linagusa maisha, na silabi zake zinaweza kuzaa maneno mengine.

Neno moja lililotumika sana lilikuwa tofali, kwa Kireno tijolo. Tuone lingefanyaje kazi kwa Kiswahili, maana lugha yetu inakubali sana.

Mwalimu anaonyesha picha ya watu wanafyatua matofali. Hafundishi herufi bado. Anauliza: hawa wanafanya nini? Tofali hizi zinakwenda kujenga nyumba ya nani? Mfyatuaji mwenyewe analala nyumba ya namna gani? Kwa nini? Hapo watu wanaongea, na mwalimu ananyamaza. Mazungumzo yanaweza kuchukua saa nzima, wala si kupoteza wakati. Kisha ndipo neno linaandikwa: TO-FA-LI. Na chini yake jamaa zake:

ta te ti to tu
fa fe fi fo fu
la le li lo lu

Sasa wanafunzi wenyewe wanaunganisha. Mmoja anaona fito. Mwingine tafuta. Mwingine lete, futa, tatu, lala. Yule mzee wa nyuma anasema tule, watu wanacheka. Siku ya kwanza mtu ameandika neno ambalo hakuandikiwa na mwalimu. Kama kikundi chenu kina darasa la ngumbaru jaribuni, mtashangaa.

Mwaka wa 1963, katika mji mdogo wa Angicos, watu karibu 300 walifundishwa kwa njia hii katika muda wa saa 40 za masomo. Rais wa Brazili mwenyewe, João Goulart, alihudhuria siku ya kufunga. Lazima mjue kwamba wakati huo sheria ya Brazili haikumruhusu asiyejua kusoma kupiga kura. Kila aliyejifunza kuandika alikuwa mpiga kura mpya, na tena mpiga kura aliyezoea kuuliza kwa nini. Kuna watu hawakupenda hilo. Mwaka wa 1964 jeshi likachukua serikali, mpango ukafutwa, na Freire akatiwa ndani kama siku sabini. Akatoka akaenda uhamishoni: Bolivia kwa muda mfupi, Chile miaka karibu mitano, Marekani, halafu Geneva kwenye Baraza la Makanisa Ulimwenguni kuanzia 1970 hadi 1980. Yeye alikuwa Mkatoliki, na makanisa ndiyo yaliyompa nafasi ya kuzisaidia nchi nyingine, zikiwemo za Afrika kama Guinea-Bissau baada ya uhuru wake.

Neno kwa vikundi vya akina mama: kitabu chake kilichovuma, Pedagogia ya Wanaokandamizwa, alikiandika kana kwamba wanaume pekee ndio watu. Wanawake wa Marekani wakamwandikia barua nyingi kumwonya. Aliudhika kidogo mwanzoni, kisha akakubali kosa na kubadilisha uandishi wake. Aliandika juu ya jambo hilo waziwazi.

ALIPOPEWA OFISI KUBWA

Wengi wanaanza vizuri kijijini, wakipewa kiti wanasahau. Freire alipewa kiti mwaka wa 1989, ana miaka 67. Mji wa São Paulo, mkubwa kuliko yote Brazili, ulikuwa umemchagua meya mwanamke, Luiza Erundina, ambaye kazi yake ya kusomea ilikuwa hii hii ya ustawi wa jamii. Alimweka Freire kusimamia elimu ya mji.

Shule nyingi alizozikuta zilikuwa zimechakaa. Alitengeneza majengo, lakini jambo tunalotaka mlitazame ni mabaraza ya shule. Aliyapa nguvu ya kuamua, na ndani yake wakakaa wazazi, walimu, wanafunzi, na wafanyikazi wengine wa shule. Mtu wa usafi akakaa meza moja na mwalimu mkuu. Upande wa watu wazima, ofisi yake haikuanzisha madarasa peke yake. Ilishirikiana na vikundi vya mitaa vilivyokuwa tayari vinafundisha, katika mpango ulioitwa MOVA. Aliiacha ofisi mwaka wa 1991, arudi kuandika. Akafariki tarehe 2 Mei 1997.

Hapa kwetu kila shule ya umma ina bodi ya usimamizi, na wazazi wana viti ndani yake. Lakini ni wazazi wangapi wanaotoka mkutanoni wamesema neno? Mara nyingi wanasomewa bajeti, wanaambiwa kiasi cha kuchanga, wanaombewa, wanakwenda nyumbani. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji mwalimu mkuu anayejua kuuliza na kungoja jibu.

NJIA HII ILIVYOFIKA KENYA

Wengine wenu mna wazee waliopitia mafunzo ya DELTA. Yalianzishwa hapa Kenya miaka ya 1970, na majimbo ya Kanisa Katoliki ndiyo yaliyoyabeba. Walioyaongoza ni wanawake wawili, Anne Hope wa Afrika Kusini na Sally Timmel wa Marekani, waliochukua mawazo ya Freire wakayachanganya na ujuzi wa kuongoza vikundi na mafundisho ya Biblia. Mwaka wa 1984 vitabu vyao vitatu vilitolewa Zimbabwe, na vikasambaa nchi nyingi.

Mafunzo yale yalikwenda kwa awamu. Mtu anajifunza siku kadhaa, anarudi kijijini kufanya kazi, kisha anarudi na taabu alizozikuta. Mazoezi mawili yanafaa vikundi vyote.

La kwanza ni mchezo wa mto. Choreni mistari miwili chini, huo ni mto. Katikati wekeni kisiwa, na karatasi chache ziwe mawe ya kukanyagia. Watu wawili wanataka kuvuka, wanaogopa. Anakuja wa tatu. Anambeba wa kwanza mgongoni, anachoka, anamwacha kisiwani. Anarudi kwa wa pili, huyu hambebi. Anamshika mkono, anamwonyesha jiwe moja moja, mpaka yule anaruka mwenyewe hadi ng'ambo. Wawili hao wanaondoka wanafurahi, na yule wa kisiwani anabaki akipunga mkono. Mchezo uchezwe bila maneno. Kisha ulizeni: tumeona nini? Katika kijiji chetu nani amebebwa? Na mbebaji, je, alikuwa mtu mbaya?

La pili ni uchunguzi wa kusikiliza. Watu wachache wa kikundi wanatumwa mahali watu wanapoongea bila kuulizwa: kisimani, sokoni, stejini, kwenye mashine ya kusaga, foleni ya zahanati. Hawana fomu. Wanasikiliza mambo ambayo watu wanayasema kwa hasira, kwa hofu, kwa huzuni au kwa tumaini, maana mtu hasogei kwa jambo lisilomgusa moyo. Mkifanya hivi, shikeni sharti moja: majina hayaandikwi, na siri ya nyumba ya mtu haiji mkutanoni. Kikundi kikisikia mara moja kwamba mambo yake yanatembezwa, hakuna atakayefungua mdomo tena.

YULE KIJANA WENU

Upande wa masomo hatuna mengi ya kusema. Vyuo vyetu vinafundisha kazi ya ustawi na maendeleo ya jamii kwa cheti, diploma na digrii. Kwa kawaida digrii yataka C+ katika KCSE, diploma C-, na cheti D. Muulize kama chuo kimeidhinishwa kabla ya kulipa hata shilingi moja, na kama kina kipindi cha mazoezi vijijini. Chuo kisichompeleka mwanafunzi kwa watu msikihangaikie.

Tunaloshauri ni kwamba kabla hamjachanga pesa mumtazame miezi mitatu. Mwacheni aandike kumbukumbu za mkutano. Je, anaandika yaliyosemwa, au anaandika anayoona yalifaa kusemwa? Mtumeni kwa yule mama ambaye haji tena kikundini. Akirudi na hukumu, mgojeni kidogo. Akirudi na habari kwamba mama yule ana mgonjwa kitandani na anaona haya kwa kukosa mchango, huyo ana sikio. Tazameni pia bibi wazee wanamwambia nani shida zao. Wao hawakosei sana.

Wengine wanasema kijana anayeongea vizuri jukwaani ndiye anafaa. Mimi nina shaka. Kuongea kunafundishika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kumbukeni mradi mmoja ulioletwa hapa ukafa. Kabla haujaletwa, nani aliulizwa? Nani hakuulizwa?

2. Yule mfanyikazi wa Recife alisimama akasema. Katika kikundi chetu, mtu kama yeye angeruhusiwa kumaliza? Mwenyekiti angefanya nini?

3. Nehemia alizunguka usiku kimya kimya kabla ya kusema. Mgeni wa njia ya Emau aliuliza waziwazi. Sisi tunahitaji ipi zaidi sasa?

4. Chagueni neno moja la hapa kwetu ambalo lingekuwa tofali letu. Chini ya neno hilo kuna uchungu gani?

Kabla ya mkutano wa pili, watu wanne, wawili wanaume na wawili wanawake, wafanye uchunguzi wa kusikiliza kwa juma moja. Wakirudi wasisome ripoti. Kila mmoja aeleze jambo moja tu alilolisikia ambalo hakulitazamia, na wengine wasimjibu mpaka wote wanne wamekwisha.